Athens, Santorini, Krete: na mamdogo kwenye makumbusho ya visiwa vya kale

Alhamisi, Athens

Tumetua jioni, mi natokea Hamburg na mamdogo katokea Dar kupitia Doha, tukakutana palepale kwenye mikanda ya mizigo, shikamoo mamdogo, marahaba mwanangu umekonda, basi safari ikaanza. Mamdogo kafundisha historia sekondari kule Tanga mpaka kastaafu, na tangu niko mdogo namsikia anaitaja Krete, ile ya Matendo ya Mitume ambako meli ya Paulo ilipita kwa shida na upepo, na ile ya vitabu vya historia ya kale yenye majumba na mafahali, kwake yeye zote ni Krete moja na anataka kuiona kwa macho. Mpango wetu ni Athens kidogo, afu Santorini, afu Krete ndo tukae. Visiwa hivi vilikuwa na miji, maghala, mifereji ya maji machafu na biashara ya meli zaidi ya miaka elfu moja kabla ya akina Sokrates, na watu wengi wakija Ugiriki wanaishia Parthenon, lile hekalu la Athens, wanarudi nyumbani.

Leo hamna la maana, metro, chakula, kulala.

Ijumaa, Athens

Asubuhi tukaanza na makumbusho ya sanaa ya Kyklades, yani visiwa vya bahari ya Aegea kama Naxos na Paros, yalifunguliwa 1986 kwa ajili ya mkusanyiko wa familia ya Goulandris, watu wa meli. Sio makubwa lakini ukiingia ghorofa ya kwanza unasimama tu. Sanamu za marumaru nyeupe, nyingi ni wanawake, wamekunja mikono chini ya kifua, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, uso hauna chochote zaidi ya pua, na zimechongwa kati ya mwaka 3200 na 2000 KK kwa kusuguliwa jiwe kwa jiwe maana chuma hakikuwepo. Ule weupe tunaousifia sisi, wenyewe waliozichonga hawakuuacha hivo, zilipakwa rangi, macho, nywele, alama nyekundu mashavuni, na kwenye baadhi bado unaona kivuli cha jicho ukiinama vizuri kwenye mwanga.

Mamdogo yeye hakuangalia sanamu kwanza, aliangalia vibao. Ndo tabia yake. Akaanza kunihesabia kwa kidole, hii mahali ilipopatikana hapajulikani, hii hapajulikani, hii inasemekana Naxos, hii inasemekana Keros. Sababu yake inaumiza. Wasanii wakubwa wa karne ya 20 kama Picasso na Brancusi walizipenda sana sura hizi za pua tupu, matajiri wakafuata, bei ikapanda, na miaka ya 50 na 60 watu wakaingia kwenye makaburi ya visiwani na majembe, wakatoa sanamu wakaacha mifupa na vyungu vimevurugika. Kwahiyo leo sanamu tunazo ila hatujui ilizikwa na nani, mwanamke au mtoto, ililazwa au ilisimama, ilikuwa peke yake au na nini pembeni. Na sokoni zikaingia feki nyingi, na kama hujui kitu kimetoka shimo gani utakishika vipi useme hiki cha kweli hiki cha uongo?

Akaniambia, "Mwanangu, ni yaleyale ya Tongoni." Wanafunzi wake alikuwa anawapeleka Tongoni, kusini mwa Tanga mjini, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na kwenye makaburi yale kuna vishimo vya duara ambavyo zamani vilibeba mabakuli ya kauri yaliyokuja kwa jahazi kutoka mbali, mabakuli yakabanduliwa yakaenda, vishimo vimebaki. Anasema kila mwaka mwanafunzi lazima aulize vilikuwa vya nini hivi, na yeye anajibu kwa maneno tu kwa sababu cha kuonyesha hakuna. Nadhani ndo pale nikaelewa safari hii tutakuwa tunaangalia nini.

Mchana makumbusho ya taifa ya akiolojia. Ni makubwa mno, msijidanganye kumaliza, sisi tulienda moja kwa moja kwenye visiwa. Kuna sanamu kubwa kuliko zote za Kyklades zilizowahi kujulikana, mita 1.52, imetoka Amorgos, karibu urefu wa mamdogo mwenyewe na akasimama pembeni yake nikampiga picha. Kuna mpiga kinubi wa Keros, kiti, kinubi, kichwa kimeinuka kama anaimba, yote jiwe moja, mi nilizunguka lile kabati mpaka mlinzi akatabasamu.

Afu chumba cha picha za ukutani kutoka Akrotiri, mji wa kale wa Santorini uliofunikwa na majivu ya volkano. Vijana wawili wanapigana ngumi, kiunoni wana mkanda tu, na ukuta mwingine wa chumba hichohicho walichora swala wenye pembe ndefu, mistari michache tu ya brashi na mnyama kakamilika. Wataalamu wengine wanasema ni choroa, huyu choroa wetu wa Afrika Mashariki. Mamdogo akasema mchoraji au alisafiri au alisimuliwa na mtu aliyemuona vizuri sana.

Jumamosi, melini

Feri kutoka Piraeus asubuhi mapema, masaa kama nane hadi Santorini, upepo upo ila safi. Tukapita Paros, tukapita Naxos, yani zile marumaru za jana ndo zimetoka kwenye milima hii unayoiona ukiwa umeshika kikombe cha kahawa. Kisiwa kimoja hakijaisha kingine kishaonekana, na ndo unaelewa kwanini watu hapa walianza kusafiri majini zamani sana. Kisiwa cha Milos kina obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe, na mawe ya Milos yamekutwa kwenye pango la Franchthi huko bara kwenye tabaka za zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Kilimo hakijafika Ugiriki, vyungu hakuna, lakini mtu keshavuka bahari kwenda kuchukua wembe. Mamdogo aliipenda sana hiyo, akaiandika kwenye daftari lake.

Jumapili, Santorini

Kila mtu huku anapiga picha nyumba nyeupe na mapaa ya bluu. Sisi tukapanda basi kwenda kusini, Akrotiri.

Volkano ya kisiwa hiki ililipuka karibu mwaka 1600 KK, wasomi bado wanabishana juu ya mwaka kamili, na majivu yake yakaufunika mji mzima. Spyridon Marinatos alianza kuchimba 1967, na miaka mingi nyuma, 1939, alikuwa keshaandika kwamba mlipuko huu ndo ulioiangusha Krete, hoja ambayo leo haikubaliki vile alivyoiweka lakini ndo iliyomleta hapa. Alifia hapahapa kwenye machimbo 1974. Sasa hivi sehemu ya mji iliyochimbwa iko chini ya paa kubwa, unatembea kwenye daraja la mbao juu ya mitaa, unaangalia chini kwenye madirisha ya watu.

Nyumba za ghorofa mbili tatu. Ngazi za mawe zimepasuka katikati kwa tetemeko. Choo kipo ghorofani, bomba la udongo limeshuka ndani ya ukuta hadi kwenye mfereji chini ya barabara, na hii ni miaka 3600 iliyopita. Mitungi imepangwa dukani. Na hakuna maiti hata moja iliyopatikana mpaka sasa, wala vito karibu hakuna, maana tetemeko liliwatangulia wakaonywa, na kuna dalili baadhi walirudi wakaanza kusafisha vifusi, wakapanga na vitanda nje, afu wakaondoka tena kwa haraka. Kitanda chenyewe kimeoza zamani, mbao haikai, lakini kiliacha tundu kwenye majivu na wachimbaji wakamimina plasta ndani ya tundu, likatoka umbo la kitanda. Kama mtu angekuja usiku na jembe kutafuta dhahabu hilo tundu angelivunja bila hata kujua lilikuwepo. Nilimuona mamdogo ametulia muda mrefu hapo kwenye vitanda.

Jioni makumbusho ya Thera ya kale, Thera ndo jina la zamani la Santorini, Fira mjini, madogo na mazuri kweli. Meza ya plasta yenye miguu ya nakshi imetoka kwenye tundu kama lile. Mbuzi wa dhahabu, mdogo anaenea kiganjani, alipatikana 1999 ndani ya sanduku la mbao lililokuwa ndani ya jingine la udongo, mahali pake kabisa, kwahiyo yeye tunajua aliwekwa na alifungiwa kwa heshima. Afu nyani wa bluu ukutani, wanapanda mwamba wanageuka kuangalia nyuma. Nyani hawajawahi kuishi visiwa hivi. Kuna wanaosema ni tumbili wa Afrika, kuna watafiti wengine wanasema wale ni langur, nyani wa bara Hindi, wanaangalia mkia ulivyokunjwa na umbo la mwili. Mamdogo na mimi tuko upande wa tumbili, ila nakiri sisi tuna upendeleo. Na mayai ya mbuni yamekutwa Akrotiri pia, yametobolewa yakageuzwa vyombo vya kumiminia vinywaji, sasa yai la mbuni hilo hakuna ubishi limevuka bahari.

Jumatatu

Boti ya kasi hadi Heraklion, mji mkuu wa Krete, masaa mawili na kitu, bahari mbaya, watu walitapika. Hoteli, kulala.

Jumanne, Knossos

Knossos ndo magofu ya jumba kubwa la kale la Krete. Basi namba 2, kilomita kama tano tu kutoka mjini. Nendeni mapema, saa nne kukishafika makundi ya meli za kitalii hamuoni kitu.

Aliyechimba hapa wa kwanza ni mfanyabiashara wa Heraklion, Minos Kalokairinos, 1878, akakuta ghala lenye mitungi mikubwa ya kumfika mtu mabegani, lakini Krete ilikuwa bado chini ya Waturuki na viongozi wenyewe wa Krete wakamzuia wakiogopa vitu vitachukuliwa viende Istanbul. Afu 1900 akaja Arthur Evans kutoka Uingereza na pesa zake, akanunua eneo, na yeye ndo dunia nzima inamjua. Jina la watu hawa lenyewe, Waminoa, Evans ndo alilieneza, limetoka kwa mfalme wa hadithi aitwaye Minos, wao wenyewe walijiitaje hatujui.

Evans alifanya jambo ambalo linabishaniwa hadi leo, alijenga upya kwa zege. Zile nguzo nyekundu pana juu nyembamba chini unazoona kwenye kila kadi ni zege la miaka ya 1920 huko, na picha za ukutani zote ni nakala. Mi maoni yangu, ngazi kuu alifanya vizuri kuishikilia maana ingeanguka, lakini kwingine kote unatembea unajiuliza hii ni ya mwaka 1500 KK au ya 1925, na jiwe la kale likishafungiwa ndani ya zege halitoki tena. Mamdogo hakukubaliana na mimi, alisema bila zege watoto wa shule wangeona nini, wangeona misingi ya magotini tu kama walivyokuwa wanaona wanafunzi wake, wengine wanapiga miayo. Tulibishana mpaka kwenye kituo cha basi na sijamshinda.

Kiti cha enzi cha jiwe kipo palepale kilipokutwa, kimeegemea ukuta, viti vya benchi pembeni. Hicho hakikuhamishwa. Jumba hili pamoja na Phaistos, Malia, Zakros, Zominthos na Kydonia yameingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2025, na mtu unashangaa kwamba siku zote hizo hayakuwemo, wakati Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vyetu viko humo toka 1981.

Jumatano, mjini tu

Miguu inauma. Tulikaa Heraklion tukala dakos, mkate mkavu uliolowekwa nyanya na mafuta ya zeituni na jibini juu, na mamdogo akataka kanisa la Tito. Tito ndo yule Paulo alimwacha Krete atengeneze yaliyopunguka. Kichwa chake kimewekwa humo kwenye chombo cha fedha na dhahabu. Waveneti walipoukabidhi mji kwa Waturuki 1669 waliondoka nacho wakaenda nacho Venice, kikarudishwa 1966. Karibu miaka 300 watu wa hapa hawakuacha kukikumbuka. Mamdogo akawasha mshumaa.

Alhamisi, makumbusho ya akiolojia ya Heraklion

Hii ndo siku yenyewe. Jengo limejengwa mwishoni mwa miaka ya 30 na msanifu Patroklos Karantinos, limekarabatiwa miaka mingi likafunguliwa lote upya 2014, vyumba 27, na karibu kila kitu ndani kimetoka kisiwa hikihiki. Baada ya Athens utofauti unaupata kwenye vibao tu, Knossos ghala fulani, Malia kaburi la Chrysolakkos, Agia Triada, Zakros. Mamdogo alikuwa na furaha ya mwalimu aliyeletewa madaftari yote yamejibiwa.

Nyuki wawili wa dhahabu wa Malia wanakumbatia tone la asali, kidani chenyewe hakizidi vidole viwili vitatu. Kichwa cha fahali cha jiwe jeusi kutoka Knossos, jicho la kioo cha mwamba, unakaribia unahisi limekugeukia. Kijana anaruka juu ya mgongo wa fahali, picha ya ukutani, hii sasa ndo ya kweli, na unaona wazi vipande vya kale ni vipi na vya kujazia ni vipi kwa sababu vya kale vimetokeza kidogo. Ubao wa mchezo wa pembe za ndovu, kioo cha mwamba, dhahabu na fedha, sheria za mchezo wenyewe hazijulikani.

Chombo cha wavunaji kutoka Agia Triada nilikiangalia labda kuliko kitu chochote. Jiwe jeusi, juu tu ndo pamebaki, wanaume wanapita kwa safu wamebeba zana begani, katikati mmoja anatikisa ala ile ya Misri inayoitwa sistrum, mdomo wazi hadi mbavu zimetokeza kwa kuimba, nyuma yake wanaitikia, na mmoja kageuka kumpigia kelele mwenzake. Mamdogo akasema ni wavuna mpunga wa Korogwe wanarudi nyumbani jioni, na kweli huwezi kuwaona vingine tena.

Miungu ya nyoka, wale wanawake wawili wenye nyoka mikononi, walikutwa 1903 ndani ya mashimo ya mawe chini ya sakafu ya Knossos. Yule mdogo kichwa chake na mkono mmoja vilitengenezwa upya na mafundi wa Evans, sio siri, vitabu vinasema. Nawaeleza hivi kwa sababu kuna mwenzao wa pembe za ndovu na dhahabu yuko makumbusho ya Boston tangu 1914, maarufu sana, ila hakuna anayejua alichimbwa wapi na nani, na wataalamu wengi wanaamini ni feki. Wale wa Heraklion hata wakiwa na kichwa cha kuongezewa hakuna anayetia shaka, kwa sababu shimo lao lipo, siku yao ipo, vitu vilivyokuwa nao vimeandikwa.

Maandishi sasa. Kuna vibao vya udongo vya aina mbili. Vile vinavyoitwa Mstari B vilifunguliwa na Michael Ventris 1952, kijana msanifu majengo wala sio profesa, akagundua ni Kigiriki cha zamani sana, kumbe ni hesabu za kondoo, sufu, mafuta, na kimoja kinasema mtungi wa asali kwa miungu yote na mtungi wa asali kwa bibi wa Labirinthi, lile jumba la njia za kupotea kwenye hadithi ya Minos. Vile vya Mstari A ambavyo ni vya Waminoa wenyewe, hakuna aliyevisoma mpaka leo. Vyote vilikuwa udongo mbichi, moto uliounguza majumba ndo uliovichoma vikawa vigumu vikatufikia. Mamdogo aliinama kwenye kioo akaanza kufuatilia alama moja moja kwa kidole bila kugusa.

Na diski ya Phaistos peke yake katikati ya chumba, upana sentimita 16 hivi, pande zote mbili alama zimezunguka hadi katikati, aina 45, jumla 241, zimegongwa na mihuri kwenye udongo mbichi, kichwa chenye manyoya, samaki, meli, ndege. Watu wamedai wameisoma kila mwaka na hakuna wawili waliokubaliana. Kuna waliosema ni ya kughushi pia. Mamdogo akauliza swali moja tu, "Walipoikuta palikuwa na nini kingine?" Nikamwambia kesho tunaenda.

Pembe za ndovu zima za Zakros, zimeungua, zimepasuka rangi kijivu, ziko kwenye kabati na sio watu wengi wanaosimama. Zilikutwa ndani ya jumba pamoja na vipande vya shaba, shehena ya biashara iliyofika Krete kwa meli na haikupata kuchongwa, maana jumba liliungua karibu 1450 KK. Hapo ndo tulikaa chini, benchi ipo.

Jeneza la Agia Triada tuliliona mwisho, fahali amefungwa juu ya meza, mpiga filimbi mbili nyuma yake, wanawake wanamimina kitu kwenye chombo kati ya mashoka mawili, wanaume wanamletea marehemu ndama na mfano wa mashua. Tulitolewa wakati wa kufunga.

Ijumaa, Phaistos

Basi linavuka mlima linashuka bonde la Mesara, mizeituni hadi macho yanachoka. Phaistos hawakujenga zege, Waitaliano waliochimba hapa waliacha kuta zilivyo, ngazi pana za sherehe, uwanja, mlima Ida mbele yako bado na theluji kidogo kileleni. Mamdogo akaangalia akasema haya, na huku sawa, lakini mimi nimeshaona Knossos ndo maana naelewa.

Chumba cha diski kiko pembeni kaskazini mashariki, ni vijumba vya chini tu, ukipita haraka hukioni. Luigi Pernier aliikuta 1908. Kulikuwa na kibao cha Mstari A karibu yake, na vyungu, majivu, mifupa ya ng'ombe iliyoungua. Kwa hivo vitu vya pembeni ndo wanakadiria umri wake na ndo hoja kubwa ya wanaosema ni ya kweli. Nikamsomea mamdogo yote hayo kwenye simu tumesimama juani, akayaandika, akaniomba nirudie kuhusu kibao.

Tulipanda juu kidogo kuangalia upande wa kusini. Nyuma ya vilima vile ndo pwani yenye Bandari Nzuri, ile ya Matendo sura ya 27, na hakukubali turudi bila kufika, tukapata teksi, dereva mzee mzuri, akatusubiri na akala machungwa yetu.

Jumamosi

Ndege mchana. Asubuhi alitaka tupite tena makumbusho, tukaenda moja kwa moja kwenye pembe za Zakros, akapima kwa macho, akachora kwenye daftari na chini akaandika zilikutwa na nini na katika chumba kipi. Anasema atawapelekea walimu wenzake Tanga, na yule anayefundisha kidato cha kwanza ataanza kipindi na mchoro huo kabla hawajapanda basi kwenda Tongoni. Zakros yenyewe iko mashariki kabisa ya kisiwa, njia ndefu ya kona, hatukuiweza wiki hii. Nimeshaangalia ratiba za mabasi ya kutoka Sitia.